Leo wamenililia ziwani nikiwa mzima

Jamani, leo nimeliliwa nikiwa mzima.

Mnajua mimi ni mtu wa Mwaro, kwenye baridi. Huku Rumonge, upepo wa baridi wa kiangazi ukianza, wenyeji hawaogelei. Wanasema ziwa limepoa. Kwangu mimi ni vuguvugu, kama chai iliyosahaulika mezani.

Mchana nilitoka kukamua mawese, mgongo hauna nguvu. Nikaingia majini, nikalala chali. Masikio yakazama, sauti zote zikaenda mbali. Nikawaza nyumbani. Nikaamua kesho nirudi tu, huku hakuna anayenijua.

Nikasinzia.

Kufungua macho, mvuvi ameshika mguu wangu, anasema polepole, "Inna lillahi."

Nikamsalimu kwa Kirundi, "Amahoro, mzee."

Nusura aanguke kutoka mtumbwini.

Ufukweni watu wamejaa. Kwao, anayeelea msimu huu ni maiti tu. Mama Zaina, anayetuuzia ugali, amekaa mchangani analia, "Mutoto wangu, mutoto wangu."

Aliponiona natembea, akanirushia kandambili. "Mupumbavu wewe. Nani anaoga na baridi hii?"

Halafu akavua kitenge chake cha mabegani, akanifunika.

Safari ya kesho nimeiacha. Wewe ungeondoka?