Kitoweo cha Mgeni

Jamani, acheni niwasimulie aibu iliyonipata wiki hii. Mimi ni msimamizi wa ubora katika kampuni ndogo ya pweza hapa Lindi. Mnunuzi wetu alishatuonya kwamba mzigo mwingine ukinuka, tunaachana. Nikakaa na wavuvi wa kijiji cha Sudi pamoja na dereva wetu, tukapanga utaratibu mpya wa barafu. Nikaapa kuusindikiza mzigo wa kwanza mwenyewe.

Tukaondoka Sudi na mzigo. Hatujafika mbali, harufu. Nikasimamisha gari, nikaongeza barafu. Mbele kidogo, harufu tena!

"Kaka Saidi, gari hukuliosha!"

"Wallahi nimeliosha, dada. Kwa sabuni."

Sikutaka kusikia. Pua hii naijua mwenyewe. Nikamlazimisha aoshe upya, pale pale barabarani.

Lindi tukamkuta mnunuzi, Mama Zuhura, anatusubiri. Nikampa shikamoo na mashtaka ya dereva kwa pumzi moja. Akanusa sanduku moja moja, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, pweza hawa hawana neno. Hebu fungua mkoba wako."

Nikafungua. Pweza niliyepewa asubuhi na wavuvi, kitoweo cha mgeni, alikuwa amejilalia humo bila hata chembe ya barafu.