Milimita Kumi na Nane na Kikohozi cha Mama Mkwe

Jamani, hili nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkilisikia kwa mtu mwingine hapa Masuguru, Korogwe, litakuwa limetiwa chumvi, na lenyewe lilivyo tu aibu yake inanitosha.

Nilipata kazi ya kufundisha ushonaji kwenye bweni la wasichana huko Handeni, wakataka kwanza nipimwe TB, basi Jumatatu nikaenda zahanati. Nesi akanichoma sindano ndogo chini ya kiwiko, upande wa ndani, juu juu tu ya ngozi, pakatokea kiputo kama nimeumwa na mbu. Akaniambia nisipakune, nisipafunge, nirudi Jumatano asome jibu. "Uvimbe ukifika milimita kumi, tutaendelea na vipimo vingine," akasema. Sasa mimi kushuku ndiyo tabia yangu (mume wangu anasema hata muuza nyama akinipimia vizuri namtilia mashaka). Nikajiuliza, kipimo gani hiki jibu lake siku mbili? Na kwa nini nisipaguse? Kuna kitu wananificha hawa.

Jumanne jioni pakawasha, nikapakuna (kidogo tu, wallahi, halafu kidogo tena), pakawa pekundu, na mimi ni mweupe, ngozi yangu haifichi kitu, nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima mwenyewe: milimita kumi na nane! Kazi imeota mbawa, na wanangu je? Hapo hapo mawazo yakaenda kwa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Mashewa, maana kila alfajiri nilimsikia nje ya chumba chetu, kho, kho, halafu mchana kutwa kimya. Nikasema huyu mama anaumwa na anatuficha.

Badala ya kumuuliza, asubuhi nikamwambia, "Mama, twende zahanati, leo wanapima presha." Uongo mtupu. Tumefika, benchi limejaa majirani, mlango wa nesi uko wazi, hata hajanikaribisha nimeshanyoosha mkono napaza sauti: "Sista, nimepima, ni kumi na nane, na aliyeniambukiza ni mama mkwe wangu huyu hapa, anakohoa kwa kujificha!" Waliokuwa karibu naye wakasogea. Mama wa watu akajifunika mtandio mpaka puani.

Nesi akanishika mkono. Akapapasa pale kwa ncha ya kidole, taratibu, akitafuta ukingo wa uvimbe asiupate.

"Dada, umepima wekundu wa kujikuna. Sisi tunapima ule ugumu, na hapa hakuna ugumu. Wewe ni sifuri. Na hata pangevimba, ingeonyesha tu kwamba vimelea vimewahi kukuingia, si lazima uwe mgonjwa, wala kipimo hakimtaji aliyekuambukiza."

Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo mama. Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Mimi sikohoi, najikohoza. Nikienda kutawadha napita mlangoni kwao, na pale pana pazia tu. Nao ni mke na mume. Sasa mtu mzima nitapitaje kimya kimya?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nesi akajikaza, akamuuliza habari za jasho la usiku na kupungua mwili, mama akasema hakuna, nesi akainamia daftari mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi inimeze.

Kazi nilipata. Mama mkwe aliondoka siku ile ile, bila ugomvi, akaniaga vizuri, na hicho ndicho kilichoniuma. Jumamosi nikamfuata Mashewa, nikapiga magoti. "Ungeniuliza tu, mwanangu," akasema, akanisamehe. Nimeapa, nikimshuku mtu tena namuuliza mwenyewe, tukiwa wawili, hata kama jambo lenyewe linanitoa jasho. Mlango wa chumba tumeshautia mbao na komeo, lakini mama akija Korogwe siku hizi anafikia kwa wifi yangu.