Maziwa Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na miwani usoni. Sikuota. Sikuwa nimekunywa kitu. Jina langu sitakuambia, na ukifika mwisho utajua kwa nini sipendi kulitaja.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili katikati ya Nairobi. Kazi yangu ni kufukua mafaili ya zamani: nani alizaliwa na nani, nani aliolewa wapi, nani alizikwa lini. Mtu akija ofisini akilia kwamba yeye ni mtoto wa marehemu, mimi ndiye humwambia lete karatasi. Niliamini karatasi kuliko mdomo wa mtu, na wenzangu walinitania kwamba hata mbinguni nitamwomba malaika cheti.

Nina mtoto mmoja tu, kijana, anayeishi Kileleshwa na mkewe, Mercy. Sisi ni Wakikuyu, na kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Binti wa kwanza wa kijana huitwa jina la mama yake kijana. Si kumbukumbu tu, ni yule mama mwenyewe anazaliwa tena. Mimi nami nilipewa jina la mama ya baba yangu, nyanya niliyemjua nikiwa mdogo, mwanamke wa kanisa mwenye kitambaa cheupe kichwani na mkono mwepesi wa kofi. Kwa hivyo Mercy alipojifungua msichana, tukamwita jina langu. Nililia kwa furaha pale wodini hata wauguzi wakanicheka.

Mtoto akakataa kunyonya. Akiwekwa titini anageuza uso, anafunga mdomo kabisa. Wakampa maziwa kwa mpira wa puani, akayatapika. Tukamzika kabla hata nguo alizonunuliwa hazijafuliwa mara ya pili. Mwaka uliofuata Mercy akapata msichana mwingine, tukamwita jina lilelile, kwa sababu ndiyo zamu yake. Huyo naye akageuza uso. Unajua uchungu wa kumwona mama akikamua maziwa kwenye sinki huku analia? Mimi nimeuona mara mbili.

Mercy alipopata mimba ya tatu, daktari wake kule Parklands akaniita kando. Akaniuliza kama upande wetu kuna watoto wengine wa kike waliokufa hivyo, labda ni ugonjwa wa damu ya ukoo. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na mdomo wa wazee waliobaki sikuuamini. Lakini mimi si ndiye mama wa mafaili? Nikamwambia daktari anipe muda kidogo, nitamletea ukoo wote umeandikwa.

Nilianza mjini, kwenye nyaraka za zamani. Nikapitia hesabu za watu za wakati wa mkoloni na orodha za vibarua waliohama na kwenda mashamba ya wazungu Bonde la Ufa, maana babu yangu alifanya kazi huko kabla ya kurudi na kuokoka. Kote nikamkuta babu, mke mmoja, mtoto wa kwanza mvulana, ndiye baba yangu. Hakuna msichana aliyekufa. Karatasi zote zilikubaliana, na mimi karatasi zikikubaliana huwa nalala vizuri. Kilichobaki ni kitabu cha ubatizo cha misheni iliyombatiza babu, huko juu upande wa Mutuini.

Nilifika alasiri, mvua ikinyesha ya kumwagika. Karani wa parokia, mama mchangamfu, akanitolea kitabu, akaniweka kwenye chumba kidogo chenye benchi na meza, akasema anachemsha chai hapo mlangoni. Nikampata babu. Nikampata baba yangu, mtoto mchanga, amebatizwa siku moja na babake. Penye mama pameandikwa jina la nyanya. Jina langu. Nikatoa kalamu nianze kunakili.

"Unamwandika nani hapo?"

Niligeuka. Msichana alikuwa ameketi benchi moja na mimi. Msichana kabisa, wa umri wa kuwa binti yangu, miguu mitupu, amejifunga shuka begani. Alinisemesha Kikikuyu, kile cha ndani, cha wazee. Niliudhika, maana sipendi kuchunguliwa nikifanya kazi. Nikamwambia namwandika mama ya baba yangu, na yeye aende akangoje zamu yake.

"Huyo hakumzaa," akasema.

Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Niamini, nilianza kwa kuona masikio. Yalikuwa yametobolewa na kuvutwa hadi ncha zake zikaning'inia karibu na mabega. Ni msichana gani wa siku hizi ana masikio hayo? Halafu miguu yake. Nje kulikuwa na tope la kufika vifundoni, lakini miguu yake ilikuwa mikavu, ina vumbi. Na ile shuka ilikuwa imelowa kifuani tu, sehemu mbili, na ikanuka maziwa yaliyochacha.

Nilishika meza nisimame.

Akazungumza bila kuinua sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema yeye ndiye mke wa kwanza wa babu yangu. Babu alipotaka kubatizwa, mzungu wa misheni alimwambia lazima abaki na mke mmoja, mwingine amwache. Babu akabaki na yule mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekubali kusoma. Huyu akarudishwa kwa baba yake. Lakini mtoto, kwa kuwa alikuwa mvulana, alibaki.

"Alikuwa ananyonya," akasema. "Walimtoa mdomoni. Nilirudi nikasimama kwenye ua wakanifungulia mbwa. Nilikufa maziwa bado yanatoka, na mwanangu akafundishwa kumwita yule mwingine mama. Kisha akazaa msichana. Msichana huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimengoja kurudi. Wakamwita jina la nani?"

Msichana aliyezaliwa na baba yangu ni mimi, na niliitwa jina la yule mke mdogo.

"Umekalia mahali pangu tangu uzaliwe," akaniambia. "Nilikuacha, kwa sababu hukujua, na kwa sababu baba yako alikupenda. Lakini mlipotaka kumzaa yule mwanamke tena kupitia kwa Mercy, nikasema la. Mimi nilinyimwa mtoto wa kunyonya. Mercy naye atanyimwa, na atakayeolewa baada ya Mercy."

Nina hasira za karibu, watu wa kazini wanajua, na hasira hiyo ikanirudishia sauti. Nikamuuliza, watoto wale walikuwa na kosa gani?

"Na wangu alikuwa na kosa gani?"

Akaweka kidole juu ya ukurasa, pale palipoandikwa jina la nyanya, akabonyeza. Akasema anaitwa Waithira, na mtoto anayekuja ni wake. "Na wewe hutaitwa. Wewe na huyo aliyekupa jina lake, mtaisha kama nilivyoisha mimi."

Karani akaingia na vikombe viwili. Vikombe viwili, si vitatu. Alipoona meza akapandisha sauti.

"Aki mum, umemwaga maziwa kwa kitabu ya kanisa?"

Benchi lilikuwa tupu. Kitabu kilikuwa kimelowa pale pale kidole kilipokuwa, wino umevurugika, harufu imejaa chumba. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa ameketi hapa na mimi. Akanitazama kama mtu mwenye homa. "Mum, hakuna mtu ameingia. Mimi nimekuwa hapo kwa mlango na jiko." Na hata maziwa alikuwa hajaleta, chai yenyewe ilikuwa ya rangi.

Nilitoka katika mvua hiyohiyo hadi kwa baba mdogo. Boma lake liko hukohuko Mutuini, nyuma ya vyumba vipya vya kukodisha. Baba mdogo ni mtoto wa yule nyanya wa kitambaa cheupe, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika sana. Sikusalimu. Nilisimama mlangoni, maji yanachuruzika, nikasema, "Baba mdogo, Waithira ni nani?"

Uso wake ukabadilika nikiutazama. Aliinuka akafunga mlango wa jikoni ili wake za wanawe wasisikie.

"Hilo jina umelitoa wapi?" akanong'ona. "Hilo jina hatujawahi kulitaja hapa. Baba alitukataza."

Basi nikajua. Karatasi zote nilizowahi kuamini zilikuwa zimeandikwa na watu waliobaki ndani ya ua. Nikamweleza kila kitu, na nikamwambia mtoto wa Mercy akiwa msichana ataitwa Waithira. Unadhani alihuzunika? Alikasirika. Akasema mimi nataka kumtoa mama yake kwenye ukoo, nataka kuirudisha nyumba ya wokovu kwenye ushenzi, na kwamba nikifanya hivyo nisikanyage kwake tena.

"Mama yako alimtoa mwenzake," nikamwambia. "Sasa atolewe na yeye, aone ilivyo."

Nilishangaa kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Lakini nitasema kweli, yalikuwa matamu.

Mercy akajifungua mapema, asubuhi ya Jumapili. Msichana. Nilipofika hospitalini nikamkuta baba mdogo ameshatangulia, na suti na Biblia, anazungumza na kijana wangu kwenye korido. Nilikuwa nimemweleza mwanangu yote, naye alikuwa amesema sawa. Lakini alikuwa mwanangu wa pekee, na ananipenda, na mzee alikuwa amempigia pale panapouma. Alinijia macho mekundu.

"Mum, watu watasema nimekudharau. Utakuwa kama mtu hajawahi kuzaa. Siwezi."

Kabla sijasema kitu akaingia wodini, akainama kwenye kitanda, akamwita mtoto jina langu.

Niliona kwa macho yangu. Mercy alikuwa amemweka mtoto titini, na kile kichwa kidogo kikageuka. Midomo ikafungwa. Rangi ikaanza kumtoka, akawa wa kijivu, na Mercy akapiga ukelele ambao bado nausikia nikiwa ofisini, mchana, watu wakipiga chapa. Muuguzi akakimbilia daktari. Baba mdogo akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Ile harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa wodi yote, na mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza ni nani amemwaga nini.

Nikamsukuma mwanangu. Nikashika kile kisikio kidogo, nikasema, "Waithira. Umerudi kwako. Mimi nimetoka, nimekupisha. Waithira, nyonya."

Akafungua macho. Watoto wachanga hawaoni, najua, nimeambiwa na wauguzi. Huyu aliniona. Alinitazama mimi kwanza, halafu akamtazama baba mdogo kwa muda mrefu zaidi, mpaka mzee akafunga Biblia na kutoka bila kuaga. Kisha akashika titi akanyonya kama mtu aliyefunga miaka.

Tukamwandikisha Waithira. Anaishi. Ana afya kuliko watoto wote wa ghorofa lao, anakimbia ngazini, anacheka na bawabu, anamwimbia yaya nyimbo. Mercy amepata msichana mwingine, naye, kwa zamu, ameitwa jina la mama ya Mercy, ananyonya vizuri. Kijana wangu amesema wamemaliza kuzaa. Maana yake unaielewa. Hakuna mtu atakayeitwa mimi. Hata pale ofisini wameanza kunisahau jina, wananiita "yule mum wa mafaili", na nikilitaja wananiuliza mara mbili. Baba mdogo alifariki bila kusema nami tena, na siku za mwisho, binti zake waliniambia, alikuwa hawezi kumeza chochote chenye maziwa.

Sijuti. Nilichagua mtoto aishi, na ningechagua hivyo tena kesho. Lakini usidhani tumesameheana. Waithira humkumbatia kila mtu anayeingia ile nyumba isipokuwa mimi. Hanililii, hanipigi, hana adabu mbaya. Nikiketi husimama mbele yangu, mikono nyuma, akaniuliza kwa upole, kwa Kikikuyu cha ndani ambacho katika nyumba hiyo hakuna mwingine anayekijua: "Utaondoka lini?" Wazazi wake hunitazama niwatafsirie. Huwa nawaambia anaomba biskuti.

Wewe unayesikia, labda umeanza kutafuta ukoo wako. Watu wengi siku hizi wanapenda, wanachora mti, wanaweka picha. Endelea. Lakini karatasi zikikubaliana zote, usilale. Nenda kwa mzee wenu aliye hai, kabla hujampa mtoto jina la mtu, ukae naye hadi chai ipoe, umuulize polepole: kabla ya huyu bibi tunayemjua, alikuwepo nani? Na akiinuka kwenda kufunga mlango wa jikoni, usimwite mtoto bado.