Siku Niliyokalia Pipa la Gesi

Kuna aibu ambayo mtu huipata akiwa peke yake, akajipangusa na kuendelea na safari, lakini yangu niliipata mbele ya naibu wa chifu, mchungaji, akina mama wa kanisa na nusu ya watu wa upande wetu huu wa Mogogosiek, tena nikiwa nimevaa koti la marehemu baba. Hata nikinyamaza yupo mtu atakayewasimulia, na atatia chumvi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe.

Kwanza mjue nyumbani tulikuwa akina nani. Mimi Kiprono ndiye mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha shule (mwalimu alikuja kuniuliza, akawaona wadogo zangu wamekaa mlangoni wakimtazama, hakuja tena) nikashika jembe na kikapu cha kuchumia majani chai. Nyuma yangu alikuwa Rael, kisha wavulana wawili ambao kazi yao wakati ule ilikuwa kula. Rael akashika jiko akiwa bado anahitaji kupanda juu ya kigoda ili aone ndani ya sufuria, na jiko letu lilikuwa kama majiko yote ya huku, mawe matatu katikati ya nyumba ya nyasi, bila dirisha, kuni mbichi kwa sababu mvua yetu haijui kupumzika.

Alipokuwa msichana mkubwa akaanza kukohoa. Mama alikohoa hivyo hivyo, asubuhi asubuhi, akijifanya anasafisha koo, mpaka akatuacha. Nikampeleka Rael hospitali, daktari akamsikiliza kifua, akaniambia, "Huyu ni moshi. Mtoe kwa moshi." Nimtoe nimpeleke wapi? Nikajaribu kupika mimi. Wale wavulana wakala ugali mbichi siku ya kwanza na ugali ulioungua siku ya pili, siku ya tatu Rael akaninyang'anya mwiko akasema heri afe kwa moshi kuliko kwa njaa. Alisema kwa utani. Mimi sikucheka.

Basi nikaanza kutafuta. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna msaada kwa watu wa mashambani, wa kupika na kuwasha taa bila kuni wala mafuta (mafuta ya taa yalikuwa yamepanda mpaka watu wakawa wanalala na kuku), ila hakuna aliyejua msaada wenyewe unatolewa wapi. Nikaenda Kericho, ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakanituma kwa watu wa maji, watu wa maji wakaniuliza kama nimekuja kuleta maziwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimekata tamaa, na ni njiani hapo nilipokutana na Bwana Nyakundi, bwana shamba wetu, Mkisii mmoja mwenye pikipiki na sauti ya kuitisha mkutano hata akiwa anaongea na mtu mmoja. Akaniambia misheni inatoa simenti, pipa, bomba na jiko kwa mtu atakayekubali kuchimba shimo mwenyewe na kufungia ng'ombe wake bandani.

"Jiko la nini?" nikauliza.

"La gesi."

"Gesi ya nini?"

"Ya mavi ya ng'ombe."

Nikadhani ananidhihaki. Lakini alizima pikipiki, akashuka, akachukua kijiti akanichorea pale barabarani: shimo lililojengwa, mavi na maji ndani, pipa kubwa la chuma limefudikizwa juu yake, mdomo chini. Gesi ikijaa, pipa linapanda. Ukiona limepanda, una moto. Nilikitazama kile kijiti nikaona kifua cha Rael.

Nilichimba kati ya mvua na mvua. Tukajenga, tukajaza, tukafunga ng'ombe. Bwana Nyakundi alikuwa akipita kutuelekeza, na siku pipa lilipofungwa aliniambia mambo mawili. La kwanza: misheni wataleta watu waone, na mtambo ukishindwa, pipa na jiko vitabebwa kwenda Roret kwa mtu mwingine ambaye alikuwa anaviulizia kila wiki. La pili: "Kiprono, pipa likipanda mara ya kwanza, fungua koki gesi yote itoke. Yote! Ile ya kwanza haishiki moto. Iache ipotee, ngojea ya pili."

Nikasema ndiyo, bwana.

Pipa likapanda. Asubuhi moja nilitoka nikalikuta limesimama juu ya lile tope kama ng'ombe aliyeinuka, nikaweka mkono kwenye koki, na mkono ukakataa. Mnielewe. Mimi ni mtu niliyekuwa nakung'uta gunia la unga mpaka linageuka ndani nje. Maji ya kuoshea sufuria nilimpa ndama. Nguo ya mama ikawa shuka, shuka ikawa kaptula mbili, kaptula zikawa viraka. Kwetu tulifika tulipofika kwa sababu hakuna kitu kilichotupwa, sasa niambiwe niachilie hewani gesi ambayo ng'ombe wangu wameifanyia kazi usiku na mchana? Nikasema moyoni, hii nitaiweka, iungane na nyingine, siku ya wageni iwe nyingi. Nikaondoa mkono. Kosa langu lote ni hilo tu, kuondoa mkono.

Siku yenyewe walikuja wengi kuliko viti. Naibu wa chifu na kofia yake, mchungaji, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vichwani, na jirani yetu Kogo Taplelei (kogo kwa Kipsigis ni bibi), ambaye alikuwa ametangaza sokoni kwamba yeye anakuja kuona kinyesi kikipika. Alianza kabla hata ya maombi.

"Na moshi ukiisha, mahindi yetu ya darini nani atayafukuzia wadudu? Huyu bwana shamba?"

Watu wakacheka. Bwana Nyakundi akaomba, akahutubia, akaonyesha pipa lilivyopanda, kisha akanipa kiberiti kwa heshima zote. Jiko lilikuwa mezani uani, sufuria ya chai juu yake. Nikafungua. Likapuliza fuuu, nikasogeza njiti, ikazimika. Nikawasha nyingine, ikazimika. Gesi ilikuwa inazipuliza njiti kama mtoto anavyopuliza mshumaa, na harufu yake ilikuwa inamwendea mchungaji moja kwa moja. Kiberiti kikaisha. Kikaletwa kingine.

"Labda inaona haya," Kogo akasema.

Bwana Nyakundi akanitazama kwa jicho moja, akawageukia watu akaanza hotuba nyingine ya kununua muda, juu ya mbolea. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa shambani husimama na jembe juu. Nilimvuta Rael kando nikamnong'oneza, "Nenda jikoni, washa kuni haraka, pika chai, uilete kama imetoka hapa." Alinitazama. Akajifunga leso akaingia.

Nikasogeza meza nyuma ya ukuta wa banda, nikawaambia watu gesi inataka mahali pasipo na upepo, na baada ya muda nikatokea huko na sufuria inayotoa mvuke, nikitabasamu. Makofi! Vikombe vikapita. Naibu wa chifu akanywa akasema hii ndiyo maendeleo. Mama mmoja wa kanisa akasema ina utamu wake, utamu wa kisasa. Kogo Taplelei akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni, akanywa tena.

"Wewe Kiprono. Hii chai iko na moshi."

"Ni mazoea tu, Kogo."

"Mimi nimekaa kwa moshi tangu nizaliwe, sasa wewe utanifundisha moshi? Hii ni kuni. Tena mbichi."

Kabla sijajibu Rael alikohoa ndani. Alikuwa amejizuia kadiri alivyoweza, nilikuja kujua, alikuwa ameuma leso, ila kikohozi kilipopata njia hakikukoma, na watu wote wakageuza vichwa, wakaona paa la jiko letu linafuka moshi kama jiko la harusi. Akatoka mlangoni ameinama, macho yanatiririka. Yule ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimeomba msaada ndiye niliyekuwa nimemrudisha kwenye moshi ili nisiaibike.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo. Mimi nikapaza sauti, "Gesi ipo! Ipo! Inakosa nguvu tu, pipa linataka uzito!" nikaruka nikalikalia pipa.

Pipa halikuwa limejengewa mtu. Lilizama upande mmoja, upande wa pili ukainuka, gesi yote ikatoka chini kwa mlio ambao siwezi kuuandika kwa heshima, nami nikateleza polepole kabisa, nikiwa na wakati wa kutosha wa kumwona kila mtu usoni, mpaka nikasimama ndani ya tope la mavi likinifika kifuani. Kogo Taplelei akasema, "Sasa kipikeni hicho," na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, mchungaji akishikilia mti.

Bwana Nyakundi peke yake hakucheka. Alichuchumaa ukingoni. "Kiprono, ile gesi ya kwanza ulitoa?"

"Sikutoa, bwana."

"Kwa nini?"

"Niliona ni kuipoteza."

Naibu wa chifu akavaa kofia yake vizuri. Alisema kijana amewadanganya watu wazima kwa chai ya kuni, na pipa lipelekwe Roret kesho. Hakuna aliyepinga. Nilikuwa bado ndani ya shimo, nisingeweza kupinga nikiwa vile.

Ndipo Rael akaja. Rael hakuwahi kusema mbele ya wanaume wazee, hata kanisani aliimba akiwa nyuma. Alikuwa bado anafuta macho.

"Huyu hajui kutupa kitu," akasema. "Mkimwambia tupa, mkono wake unakataa. Sisi wote hapa tumekua kwa sababu hajui kutupa. Hata sisi wenyewe watu walimwambia atugawe kwa ndugu, kila mmoja kwake, na hakuweza." Akasimama kukohoa, wakangoja. "Niambieni mimi. Koki nitafungua mimi."

Sikujua kama alikuwa amewasikia wajomba siku ile waliyotaka tugawanywe. Nilidhani alikuwa amelala.

Kogo Taplelei akaweka kikombe chini. "Bwana shamba, mpe huyo msichana. Na mtoeni huyo mwingine, atapata baridi."

Walinitoa kwa kamba ya ng'ombe. Bwana Nyakundi akamwonyesha Rael koki mara moja tu, akamwambia naibu wa chifu wampe muda kabla ya habari ya Roret, naye akakubali, nadhani kwa sababu hakutaka kubishana na Kogo. Koti nililifua mtoni mara nyingi na wavulana bado walikataa kulala karibu nalo.

Rael aliachilia gesi asubuhi na mapema, mimi nikaambiwa niende shambani nisione. Pipa likapanda tena. Siku hiyo hatukumwita mtu. Aliingiza jiko jikoni, akasogeza njiti, sikuona kitu, nikaanza kusema pole, yeye akanishika mkono akaupeleka karibu. Moto ulikuwapo. Alipofunga mlango kukawa na giza ndipo nikauona, wa buluu, umetulia, hausemi kitu.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili, kwamba nikielekezwa na anayejua nitafanya hata kama mkono unakataa, na kwamba sitamwingiza tena mtu wa nyumbani kwangu motoni ili wageni wanione mimi ni mtu. Koki hadi leo siruhusiwi kuigusa. Jioni ile Rael aliipika chai akiwa amekaa wima, hajainama, akiongea na wavulana huku maji yanachemka, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni na machozi yananitoka, na humo jikoni hakukuwa na moshi wa kusingizia.