Sarafu Nilizorudi Nazo Kutoka Kigoma

Mpaka leo naona haya kupita mbele ya nyumba ya jirani yangu, Mama Riziki.

Likizo iliyopita nilikwenda Kigoma kwa dada yangu, nikavuka ziwa kurudi kwetu Kasongo na sarafu sita za Tanzania. Huku tunatumia noti tu, na sarafu hakuna anayezibadilisha. Mimi, mwalimu mzima, nikatafuta sifa. Nilimpa Mama Riziki, mjane, nikamwambia kwa mzaha, "Chunga hizi, mama. Ni feza ya ng'ambo, inapita dola." Akazifunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akanibariki. Sikumsahihisha, maana baraka zilininogea.

Juzi nilikwenda zahanati kupimwa malaria. Nikamkuta Mama Riziki mbele ya muuguzi. Dada yake alikuwa ameletwa kwa pikipiki kutoka Kabambare, amelala kwenye mkeka, anatetemeka kwa homa. Mama akafungua pindo, akaziweka sarafu mezani.

"Mumupatie dawa yote. Feza yenye kubaki, munirudishie."

Muuguzi akazigeuzageuza. "Mama, hii feza haitembei huku. Nani alikudanganya?"

"Hakuna mutu alinidanganya," akajibu kwa utulivu. "Mwalimu yetu ndiye alinipa. Iko pale. Mwalimu, kuja umuelezee."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema kweli, kwa sauti ya chini, nikatoa noti zangu kulipia dawa. Mama Riziki akaziokota sarafu moja moja, akaniwekea kiganjani bila kunitazama.