Shairi la Ndege, Kamsamba

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na msemo mmoja, na alitupiga nao mpaka ukatuingia kwenye mifupa: kila kitu kwenye shairi ni mtu. Mto ni mtu. Mwiba ni mtu. Ukisimama ukasema mwiba ni mwiba, fimbo za mgongo zinakuhusu. Alitokea Hasamba, juu huko kwenye kahawa na baridi, akaletwa kwetu Kamsamba kwenye joto na mpunga. Masikini wa Mungu, asubuhi ile hakujua anaandika nini ubaoni.

Aliandika shairi la ndege. "Mpunga unapoiva, ndege huja makundini." Nadhani alitaka kutufurahisha, maana msimu ule tulikuwa tunafika shuleni macho mekundu, tumetoka kuwinga ndege mashambani tangu alfajiri, wavulana makombeo yakiwa bado shingoni na mawe mfukoni. Asichojua ni kwamba jana yake ng'ombe wa wafugaji walikuwa wameingia kwenye mpunga. Wakulima waliwakata ng'ombe hao miguu kwa mapanga, na kijana aliyekuwa anawachunga akapigwa marungu mpaka akatapika damu. Kijiji kizima kiliamka kimekunja ngumi.

"Haya," akasema mwalimu. "Hawa ndege ni akina nani?"

Kiranja akasimama kule nyuma. Mpunga ulioliwa ulikuwa wa baba yake. "Ni wafugaji, mwalimu. Hawalimi, wanakuja kula tu." Darasa likapiga meza. Na mwalimu, jamani, akatabasamu! Akasema vizuri sana, tuendelee.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa wafugaji, peke yake darasa zima. Baba yake alimruhusu kusoma kwa sharti, nami nilikuwa nalijua: siku shule itakapomletea ugomvi nyumbani, anaolewa, na mume alikuwa ameshapatikana. Nilipoona anasimama, nikamvuta sketi. Nikamwambia kaa, wewe, nyamaza! Hakukaa. Akaunyooshea kidole ubeti wa tatu: "Walizaliwa zamani, kwenye matete ya mto."

"Mwalimu, hawa ndege wamezaliwa hapa hapa," akasema taratibu. "Kama mimi. Sasa aliyezaliwa hapa anafukuzwa aende wapi?"

Jiwe lilitoka nyuma, kwa kiranja, kabla mwalimu hajafungua mdomo. Kombeo likizungushwa ndani ya chumba linavuma vibaya, sijalisahau mpaka leo. Jiwe lilimpata juu ya jicho, akaniangukia magotini, damu ikaloanisha sketi yangu yote. Sikufikiri. Niliruka madawati nikamdaka kiranja sikio kwa meno, na sikuliachia hata mwalimu aliponitandika mgongoni. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningemla mzima mzima. Wengine nao wakavaana tu, hata hawakujua kwa nini. Waling'oa miguu ya madawati wakaigeuza marungu, mmoja akavunjika meno, mwingine akakanyagwa mlangoni. Mwalimu akawa anafuta ubao kwa mkono wa shati huku anapiga kelele, "Ni ndege tu! Jamani, ni ndege!"

Nilimwosha mwenzangu kwa maji ya mtungi. Jicho lilikuwa limeziba kabisa.

"Mwambie baba nimeanguka," akaniomba. "Nakushika miguu, dada."

Baba yake alifika jioni na baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mwanawe kapatwa na nini.

"Ameanguka, baba. Kaangukia jiwe."

Alimwinua kidevu, akaligusa donda kwa dole gumba. Maisha yake yote alikuwa ameyaishi na mifugo na fujo zake.

"Yeye ndiye kaliangukia jiwe," akaniuliza, "au jiwe ndilo limemwangukia?"

Nikaanza kulia kama mjinga, na kulia kwangu kukawa ndiyo jibu. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nilimleta asome," akasema. "Sikumleta mje mniulie."

Akampandisha kwenye kiti cha nyuma. Nilimpa madaftari yake, baba mtu akanirudishia, akasema ya kazi gani tena. Moyo uliniuma, nikatamani kumng'ata na yeye.

Baiskeli ilipoanza kwenda binti akageuka, nusu ya uso imevimba.

"Ubeti wa mwisho unasemaje?" akaniuliza. "Hatukuufikia."

"Sijui," nikamjibu. "Umeshafutwa."