Fundi naye ana likizo?

Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu Nachingwea na Ruangwa tunajuana, ingawa wahusika wakisoma watajitambua, na wajitambue tu. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mama wa binti mmoja, namlea mwenyewe. Kazi yangu ni fundi rangi. Nimeifanya mwaka wa tisa sasa, na nyumba nilizopaka zinaonekana. Naandika nikiwa na hasira, nisameheni mapema.

Mama yangu ni Mmakua, alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Wazazi wake walivuka naye wakati wa vita akiwa mdogo, dada yake akabaki kule kwa bibi. Mwaka huu tukapata habari kwamba huyo mama mkubwa macho yanamwisha. Mama akaniambia, "Nipeleke angali ananiona." Tukapanga Agosti, siku kumi na mbili, na binamu yangu wa kule akaomba ruhusa kazini kwake ili atupokee kwenye daraja la mpakani, Mtambaswala. Tarehe hiyo isingeweza kusogezwa.

Wiki tatu kabla ya safari nikapigiwa simu na mama mmoja wa Ruangwa, nimwite Mama Neema. Ni mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, na amejenga. Alitaka nyumba ipakwe ndani na nje kabla wakwe hawajaja kuleta posa ya binti yake mwishoni mwa Septemba. Nikapiga hesabu ya siku, nikaona hata nikisafiri nitarudi na kumaliza kwa nafasi.

Sasa nimwambie au nisimwambie? Nilikuwa nimeshachomwa mara mbili. Mteja wa Likunja nilimwambia mapema kwamba nina msiba wa arobaini, akasema "nitakupigia", mpaka leo. Wa Malolo vivyo hivyo. Nikamuuliza fundi mwenzangu, nimwite Shabani, ambaye tumeshirikiana kazi nyingi na anakula kwangu kama ndugu. Akaniambia, "Dada, usiseme. Shika kazi kwanza, akishaona mkono wako hawezi kukuacha." Nikamsikiliza. Mama Neema aliniuliza naanza lini, nikajibu Jumatatu. Hakuuliza nitakosekana lini, na mimi nikanyamaza. Hapo nakiri kosa langu.

Nikapiga msasa, nikapiga rangi mkono wa kwanza nje yote. Mama Neema alikuwa akipita jioni anasifia. Nilipanga kumwambia Ijumaa. Alhamisi mchana akaja, na nyuma yake yuko Shabani.

"Nasikia unasafiri," akasema.

Nikamtazama Shabani. Akainama kana kwamba anakagua ukuta.

Nikasema, "Ni kweli, Madam. Nilitaka kukwambia kesho. Nampeleka mama kumwona dada yake, nikirudi namaliza kabla ya wageni wako."

Akacheka. "Fundi naye ana likizo?"

"Wewe huendi likizo, Madam?"

"Mimi nimeajiriwa. Wewe nimekuokota."

Ndugu zangu, maneno hayo aliyasema mbele ya wapiga plasta na mama muuza uji. Nikashuka kwenye ngazi. Nikamwambia kuokotwa huokotwa kitu kilichoanguka, mimi sijaanguka. Akasema nichague, safari au kazi yake. Nikakusanya rola zangu. Alinilipa siku nilizofanya, hilo sitamsingizia. Lakini kabla sijafika nyumbani Nachingwea alikuwa ameshaweka picha yangu kwenye grupu la watu wanaojenga Ruangwa, na chini yake ameandika: "Huyu ni tapeli, anaanza kazi anatoroka. Msimpe nyumba zenu."

Tulisafiri. Mama mkubwa alimpapasa mama uso, wakazungumza Kimakua mpaka chakula kikapoa, na mimi nimekaa pembeni nasoma watu nisiowajua wakinitukana kwenye simu. Mama aliniuliza kwa nini sifurahi. Nikamdanganya kwamba kichwa kinaniuma.

Niliporudi nilikwenda mwenyewe Ruangwa, kwenye nyumba ya Mama Neema. Shabani alikuwa juu ya ngazi, anapiga mkono wa pili juu ya ule wa kwangu. Nikamuuliza, "Ulinishauri nisiseme, kisha ukaenda kusema wewe?"

Akajibu bila kushuka, "Nilimwambia uongo?"

Swali hilo ndilo linaloniuma kuliko lile tusi. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na sina mpango wa kumsalimia.

Sasa kuna mzee wa Mbekenyera, ameuza ufuta vizuri, anataka nipake nyumba yake kuanzia mwishoni mwa Novemba. Hayumo kwenye lile grupu, anatumia simu ya vitufe. Jumamosi anakuja tukubaliane. Lakini Desemba binti yangu anachezwa unyago, na mimi ndiye mama yake, siku saba siwezi kushika brashi. Hii ni kazi ya kwanza tangu nichafuliwe jina. Nikimwambia Jumamosi, naogopa "nitakupigia". Nikinyamaza, nitakuwa yule yule tapeli wa kwenye picha.

Nimwambie lini? Kabla hatujapatana bei, tukishapatana, au nikishaanza? Nipeni ushauri, na wanaojenga ndio nawataka zaidi. Ila wewe utakayeandika "sema ukweli tu dada", niambie kwanza: fundi wa mwisho aliyekwambia ukweli huo kabla ya kazi, kazi ulimpa yeye, au ulimpa mwingine?